Bastola Iliyosuguliwa Bulla Pesa

Nilitoka Nanyuki kwa sababu ya ugonjwa wangu wa zamani: bastola za gumegume, zile ambazo jiwe hugonga chuma na cheche ikawasha baruti. Fundi saa ana haja gani na bastola? Mke wangu ameniuliza hivyo tangu tuoane, nami naendelea kuzikusanya. Nilikuwa nazo tatu, zote za raia. Ya jeshi la Mwingereza, yenye taji la mfalme, nilikuwa sijaigusa hata ndotoni. Basi miaka ya sabini ikielekea mwisho, Kirimi, rafiki yangu anayeuza miraa, akaniambia ameiona Isiolo kwa mjane mmoja, Mama Habiba. Imejaa kutu, lakini taji linaonekana. Nikamtuma akamwambie nakuja Jumamosi, na nitaleta saa ya ukutani tubadilishane.

Jumamosi asubuhi nilipanda lori la viazi. Timau baridi ilikata masikio. Tulipoanza kuteremka nilivua koti, kisha sweta, na Isiolo nikafika na shati tu, saa nimeipakata kama mtoto mchanga. Kibali cha polisi kilikuwa mfukoni, maana barabara ile haina mzaha na mambo ya silaha.

Katika mtaa wa Bulla Pesa, Kirimi alinifikisha mlangoni kwa mjane. Nikatoa salaam aleikum, nikakaribishwa mkekani. Mama Habiba, mrefu na mpole, alinipa maziwa katika kibuyu kilichofukizwa moshi. Akaeleza kwamba baba mkwe wake aliipata bastola kwa kutoa ndama, na tangu hapo kazi ya bastola ilikuwa kuwasha moto wa jikoni tu kwa cheche zake. Kisha akafunua kitambaa.

Jamani! Iling'aa kama sufuria ya harusi. Tangu apate habari yangu alikuwa akiisugua kwa mchanga na majivu. Penye taji palikuwa laini kama kiganja, taji lenyewe limefutika. Sisi wakusanyaji wa vitu vya kale kutu ya zamani hatuigusi, maana ndiyo thamani yenyewe, na alama ile ndiyo niliyoifuata. Moyo uliniuma, siwafichi.

"Mgeni hapewi chombo kichafu," alisema. "Umeipenda?"

Vidole vyake vilikuwa vimechubuka.

"Nimeipenda, mama. Asante sana."

Nilipokwisha kutamka, nikaona si uongo wote. Nikatundika saa, nikaitia ufunguo, ikalia. Mama Habiba alicheka mpaka akafunika mdomo kwa mtandio, na chai ilipokuja nilikuwa nimeshasahau nusu ya uchungu.

Wakati wa kurudi, askari wa kizuizi cha barabarani alisoma kibali, akainusa bastola iliyonuka majivu, akauliza kama ni ya kupikia. Nikamwambia karibu hivyo.

Somo nililorudi nalo ni hili: ukifuata kutu kwa watu wanaoheshimu wageni, usitangulize habari kwamba unakuja.

Nyumbani niliiweka kando ya zile tatu za kahawia kwa kutu. Mke wangu akazitazama moja moja, akaichukua ile ya Isiolo na kuifuta kwa leso yake.

"Baba Muthoni," akasema, "leo ndiyo umeleta moja iliyotunzwa."