Kumpeleka Meja Mkahawani Naivasha

Mke wangu aliteleza katika banda la kukamulia ng'ombe wakati wa mvua kubwa, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji Nakuru, kisha binti yetu Chebet akamchukua kwake Naivasha, kwa kuwa huko yuko mtaalamu wa mazoezi ya viungo na nyumba iko mahali tambarare. Jirani zangu wa Keringet, ambao ninawaandikia habari hii, wanaujua mteremko wetu. Hakuna haja ya kuueleza. Daktari alisema jambo moja waziwazi, nami nilikuwapo nikamsikia. Mguu utapona ikiwa mwenyewe atautembeza kila siku. Asipoutembeza utakakamaa, na hapo asitarajie kuishi tena Keringet.

Kila jioni Chebet alinipigia simu na habari ilikuwa ile ile.

"Baba, amekataa. Anatoka kitandani, anafika dirishani, anarudi. Nikimwambia tutoke nje kidogo anasema hawezi kuonekana na hiyo fremu."

Fremu hiyo ni ya chuma, ina miguu minne, na mgonjwa huishika mbele yake na kuisogeza hatua kwa hatua. Mama Chebet, aliyezoea kupanda kutoka shambani na mzigo wa viazi mgongoni, aliona kwamba chuma kile kinamtangaza mbele za watu. Afadhali asukumwe katika kiti cha magurudumu, tena amejifunika shuka hadi kidevuni. Alipopewa simu hakuniuliza habari za ng'ombe wala za mahindi. Aliuliza tu, "Meja amekula?"

Meja ni mbwa wetu. Ni mkubwa, wa rangi ya udongo, na sikio lake moja limelala. Mama Chebet ndiye aliyemlea tangu akiwa mtoto, na tangu mwenyewe aondoke mbwa huyo alikula kidogo na kulala sana. Kumpeleka nyumbani kwa Chebet hakukuwezekana, maana mwenye nyumba hataki mbwa hata langoni. Ndipo Chebet akaleta wazo.

"Kuna mkahawa huku barabara ya ziwani, karibu na Kamere. Watu wa Nairobi wanakuja na mbwa zao, wanakaa nao mezani. Nimemwambia Mama kuhusu Meja, na amekubali kutoka."

"Umeona kwa macho yako, ama umeambiwa?"

"Nimeona, Baba. Hata maji mbwa analetewa kwa bakuli."

Nilitaka kusikia kwa mwenye mamlaka. Nikaomba nambari ya mkahawa huo nikapiga mwenyewe. Nilijibiwa na msimamizi wake, mwanamke aitwaye Njeri, naye akanieleza masharti bila kuzungukazunguka: mbwa awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa na cheti kiwepo, awe na kamba, na asiwe na tabia ya kuuma wageni. Nilimwita daktari wa mifugo ambaye kwa kawaida huja kwangu kwa ajili ya ng'ombe. Alipomaliza kuchanja aliniuliza, "Mwalimu, huyu anaenda Ulaya?" Nikamjibu kwamba anakwenda Naivasha, kula chakula cha mchana. Akaandika cheti.

Tuliondoka Keringet alfajiri, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya mashamba ya viazi. Gari lilikuwa pikapu ya jirani yangu Langat, ambaye hupeleka viazi Nakuru na hakuna kona ya barabara asiyoijua. Meja tulimweka nyuma, juu ya magunia matupu, kamba yake mpya tukaifunga kwenye chuma. Alinusa hewa akakaa.

Langat ni dereva mzuri mwenye kasoro moja: huamini kila anachoambiwa.

"Mwalimu, wanasema huko Naivasha mbwa wanapewa hadi menyu yao."

"Wanasema ni akina nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

Akawasha redio hadi Molo.

Kutoka Molo tulishuka kupitia Elburgon, katikati ya misitu ya misonobari, hadi Njoro, ambako ardhi hulala na ngano huanza. Baridi ilipungua. Meja alisimama, akatoa kichwa pembeni mwa gari, na lile sikio lake lililolala likapeperushwa na upepo kama kitambaa. Sikumbuki kumwona hivyo tangu mvua zilipoanza. Nilimwonyesha Langat katika kioo, naye akapunguza mwendo ili mbwa afaidi.

Nakuru tulifika wakati wa chai. Hapo Langat alisisitiza kwamba iko hoteli mjini inayokaribisha mbwa. Ameambiwa na mtu anayefanya kazi jirani na hapo. Nilikuwa na njaa, nikakubali kwenda kuhakikisha. Tulimfungua Meja tukaufuata mlango, na askari wa pale akatoka kutupokea akiwa ameinua mkono.

"Mzee, hiyo ng'ombe inaenda wapi?"

"Ni mbwa. Nimearifiwa kwamba mbwa wanaruhusiwa."

"Wanaruhusiwa, ndiyo. Lakini ni zile za kubebwa. Ukiweza kumbeba, karibu."

Langat alicheka hadi akaegemea ukuta. "Mwalimu, shika mbele, mimi nishike nyuma!"

Wakati huo huo mwanamke mmoja alipita katikati yetu akiwa na mbwa mdogo ndani ya mkoba, kichwa tu kikiwa nje, akafunguliwa mlango kwa heshima. Meja alimtazama kiumbe yule kwa mshangao. Tulikunywa chai yetu tukiwa tumesimama kando ya pikapu. Nilimweleza Langat kwamba habari yake ilikuwa nusu ya kweli, na kwamba nusu ya kweli husumbua kuliko uongo mtupu, kwa sababu humtoa mtu nyumbani. Alikubali, akaongeza mandazi.

Baada ya Nakuru barabara hupanda kidogo na Ziwa Elementaita huonekana upande wa kulia, jeupe kingoni. Tulipita Gilgil bila kusimama. Naivasha tuliingia jua likiwa limekaribia utosi, tukakata kuelekea barabara ya ziwani, ambako mabanda ya plastiki nyeupe ya kukuzia maua hufuatana hadi jicho linachoka. Huko Kamere wanawake walikuwa wakikaanga samaki kando ya barabara, na wafanyakazi wa mashamba ya maua walikuwa wakivuka kwa makundi, wamevaa mabuti ya mpira na makoti. Meja alibweka mara moja tu, kwa ajili ya samaki.

Mkahawa wenyewe ni nyumba ya mbao iliyoinuliwa kidogo kutoka ardhini, mlango wake mpana ukitazama barabara na madirisha ya nyuma yakitazama ziwa. Nathibitisha kwamba Chebet alisema kweli. Karibu na mlango alikaa bwana mmoja na mkewe, na kwenye kiti cha tatu alikaa mbwa mweupe mwenye manyoya mengi, amevaa sweta nyekundu.

"Huyu amenishinda mavazi," Langat akanong'ona.

Njeri alitoka kutupokea, akakisoma cheti kwa makini, jambo lililonipendeza, akainama. "Kwa hivyo wewe ndiye Meja! Karibu sana. Mama yako amefika kitambo."

Nilichungulia ndani kutoka chini ya ngazi. Mama Chebet alikuwa amechagua meza ya kule mwisho, ukutani, mahali ambapo si rahisi mtu kumwona. Alikaa katika kiti chake cha magurudumu, shuka hadi kidevuni, Chebet ubavuni mwake. Fremu ilikuwa imekunjwa na kusukumwa chini ya meza. Aliponiona, macho yake yakashuka hadi kwa mbwa. Aliita tu, kwa sauti ya chini, "Meja."

Mbwa aliivuta kamba kwa nguvu hata nikakaribia kuanguka. Alinirushia vumbi usoni, akapanda ngazi, akafika mlangoni. Hapo akasimama ghafla. Akalala chini, pua yake ikigusa kizingiti, akaanza kulia kwa sauti nyembamba.

"Ingia, Meja, ingia!" Njeri alimwambia, akaweka bakuli la maji ndani, hatua moja tu kutoka kwake. Meja hakuligusa. Nilivuta kamba, alikaza miguu. Langat alimsukuma kutoka nyuma. Alizidi kujibana sakafuni.

"Pengine anaogopa watu," akasema yule bwana wa mbwa mweupe.

"Ni mbao, anaogopa mbao," Langat akasema. "Wanasema mbwa wa milimani—"

"Langat!"

Wote walikuwa na maoni, na mimi nilianza kuona haya. Safari yote ile, chanjo, kamba, barabara kutoka Keringet hadi ziwani, halafu mbwa aliyekaribishwa kwa heshima akatae kuingia! Chebet aliinuka ili asaidie kuvuta.

"Msimvute," Mama Chebet akasema. Alisema kwa sauti yake ya nyumbani, ile ya kuita kutoka jikoni hadi shambani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu aanguke. "Hajakosea. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Ndipo nikaelewa, nami nilipaswa kuelewa mapema. Kwetu mbwa haingii nyumbani. Hulinda boma usiku, hufungwa mchana, na mlango wa jikoni ndio mpaka wake. Mama Chebet alimfundisha Meja kizingiti tangu utotoni, kwa ufagio wenye maji na kwa subira, na kila jioni mbwa huyo alilala hivyo hivyo mlangoni, pua kwenye kizingiti, mpaka yeye amtokee na chakula. Mkahawa wa Naivasha ulikuwa na mlango, na ndani ya mlango alikuwamo Mama Chebet. Kwa Meja hilo lilitosha. Alikuwa anangoja atokewe.

"Basi nikusukume hadi pale," Chebet akasema, akishika kiti.

"Acha. Meja hajawahi kuniona nikisukumwa." Akaitupa shuka mezani. "Nipe hicho chuma."

Chebet akaivuta fremu kutoka chini ya meza, akaikunjua. Mimi niliendelea kushika kamba, kwa sababu niliogopa kwamba nikimkaribia mke wangu atabadilisha nia. Mama Chebet aliinuka taratibu, akishika meza kwanza, kisha fremu. Watu waliokuwa wakila waliacha kula. Aliisogeza fremu, akaufuatisha mguu, akaisogeza tena. Katikati ya chumba alisimama, uso umelowa jasho, akashika mgongo wa kiti cha mgeni mmoja, ambaye alikishika kwa mikono yote miwili kisiteleze. Wakati huo yule mbwa mweupe alianza kubweka.

"Wewe nyamaza," Mama Chebet akamwambia, "kaa na sweta yako."

Watu wakacheka, mwenye mbwa akicheka kuliko wote, na mke wangu akacheka pia. Kisha akaendelea.

Alipofika mlangoni Meja hakumrukia. Alisimama, akanusa miguu ya ile fremu mmoja baada ya mwingine, kana kwamba anaikagua, halafu akaweka kichwa chake kwenye sketi ya Mama Chebet na kukiacha hapo.

"Umekonda," akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Baba Chebet, ulikuwa unamlisha nini huyu?"

"Ugali na maziwa, kama ulivyoagiza."

"Moto ama baridi?"

Nikaanza kuikunja kamba ya Meja. Njeri alikuwa tayari ameleta sahani ya vipande vya nyama. Mama Chebet aliletewa kiti cha kawaida, akakaa pale pale mlangoni, akamlisha Meja kwa mkono wake, naye Meja akamaliza vyote. Na sisi tulihamishia meza yetu pale. Tulikula samaki wa ziwani katikati ya njia, wateja wakitupita kwa kujipenyeza na kuomba radhi, na kila aliyepita barabarani aliweza kumwona Mama Chebet na chuma chake. Hakukificha. Langat aliagiza samaki wa pili.

Alasiri tulipoaga, Mama Chebet alisaidiwa kushuka ngazi, akatusindikiza na fremu yake hadi penye gari. Chebet alikuja nyuma na kiti cha magurudumu, kitupu, akikisukuma polepole kama mtu anayepeleka mkokoteni sokoni.

Tulirudi kwa njia ile ile. Tulipofika Gilgil Langat alipunguza mwendo. Kisha akauliza, "Mwalimu, nikisimulia haya Keringet, wataniamini?"

"Waambie umeona. Hiyo inatosha."

Meja alilala kwenye magunia njia nzima. Giza lilikuwa limeingia tulipofika nyumbani, na kabla ya mengine yote nilimpashia ugali moto.

Jirani zangu wataka kujua kama ni kweli kwamba iko mikahawa inayokaribisha mbwa. Ni kweli, nami nimekula humo. Lakini ulizeni wenyewe kwanza, kwa sababu si kila mlango una masharti sawa. Mchanjeni mbwa hata kama hana safari. Na mbwa wenu akikataa kuingia, msifanye haraka ya kuamua kwamba ni mshamba au ni mwoga. Mimi nilikwenda nikidhani kwamba kazi ni kumfikisha mbwa kwa mgonjwa. Meja alilala chini akanionyesha kwamba kazi ilikuwa ni kumfikisha mgonjwa kwa mbwa, na kwamba daktari, Chebet na mimi tulikuwa tumemwomba Mama Chebet atembee bila kumpa mahali pa kwenda.

Hata hivyo, nilipompigia simu usiku ule nilikuwa bado sijajifunza vya kutosha. Nilimwahidi kwamba juma hili nitamzoeza Meja kuvuka mlango, ili tutakaporudi asimsumbue tena.

"Thubutu!" akasema. "Abaki hapo mlangoni. Na nyinyi mniwekee meza ya mbali zaidi."

Asubuhi yake nilimpigia Njeri. Nilimwuliza kama nje, nyuma ya nyumba, chini kabisa karibu na maji, kuna meza. Akasema ipo, ila kutoka mlangoni hadi kule ni mbali kidogo kwa mama mgonjwa. Nikamwambia atuwekee hiyo.