Rangi Zilizokuwa Zinapumzika

Fundi mmoja wa mtaa wa Daraja Mbili aliniambia kwamba televisheni ina rangi ndani yake kama peni ilivyo na wino: ukiiangalia sana, zinaisha. Nilimwamini kwa moyo wote. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, niliyefaulu fizikia kwa alama zilizomshangaza hata mwalimu! Nikaitangaza habari hiyo mtaani kwetu Sekei kote, mpaka kuku wa jirani wakaijua.

Kwa hiyo mama aliponipigia simu kutoka kijijini Nkoaranga, huko mlimani, kulalamika kwamba picha imeingia ukungu, sikushtuka. Televisheni yenyewe nilimnunulia mimi, bapa, pana kama mlango wa kanisa.

"Unaiangalia mno, mama. Ifunike ipumzike."

Akaitandikia kitambaa chake cha kufuma, akawa anaifunua Jumapili tu, kwa ajili ya kwaya. Jioni za siku nyingine alikaa akitazama kitambaa.

Nilipopanda kumwona, tuliiwasha pamoja baada ya ibada. Majoho ya wanakwaya yalikuwa ya zambarau, yanawaka hadi unatamani kuvaa miwani ya jua.

"Umeona? Imepumzika, rangi zimerudi!"

"Hawa si wamevaa kijivu?" mama akauliza.

"Zambarau, mama."

"Haya, baba. Zambarau."

Akanimiminia chai, nyingine ikamwagikia mezani. Nikamtania kwamba uzee umepiga hodi, nikacheka kwa sauti ya ng'ombe watatu. Kisha, kwa usalama, nikamwambia aifunike hata Jumapili, mpaka Krismasi. Akatii. Hilo ndilo linaloniuma: alitii.

Krismasi haijafika, akaanguka kwenye njia ya migombani, njia aliyoipita tangu alipoolewa. Hakuona jiwe. Nikamshika mkono hadi kliniki ya macho. Daktari alimpima jicho moja, akahamia la pili, akarudi tena kwenye lile la kwanza. Nami, ili kumsaidia, nikamweleza habari zote za rangi na wino, na jinsi tulivyozitunza mwaka mzima.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Kaka, rangi za televisheni haziishi. Mama ana presha ya macho. Mngekuja siku ile alipoona ukungu, tungeizuia. Sasa alichopoteza hakirudi."