Mzanzibari Aenda Kuoga Bahari ya Misri

Mwaka ule China ilipoandaa Olimpiki, mji wa Guangzhou ulituchoka sisi wafanyabiashara wa Kiafrika. Polisi walisimama kwenye milango ya masoko wakitaka pasi, na wale waliozoea kuongeza viza kwa mwezi, halafu mwezi mwingine, waliambiwa safari hii hakuna. Kila wiki tulimsindikiza mtu uwanja wa ndege. Wengine walijifungia vyumbani wakiishi kwa tambi za maji moto. Mimi viza yangu ilikuwa bado hai, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuwatazama wenzangu na, Mungu anisamehe, kuwacheka.

Niliyemcheka zaidi ni Pandu. Alikuwa mtu wa Unguja, mfupi, nadhifu, shati limenyooshwa hata siku ya kupakia kontena. Kazi yake, kama yangu, ilikuwa uwakala: anawapokea wanunuzi kutoka Zanzibar na Dar, anawazungusha masoko ya jumla, Shisanhang kwenye nguo na Shiling kwenye mikoba, anawabishania bei, kisha anakusanya mizigo yao na kuipeleka bandarini Nansha. Chumba chake kilikuwa juu ya changu, na nilimpenda, nisifiche. Lakini alikuwa na majivuno ya mtu ambaye hajawahi kukosa jibu. Viza yake ilipokataliwa, na sisi tumesimama pale pale kwenye foleni, jibu alikuwa nalo. Alisema hakwenda kuomba viza hasa. Alikwenda kuuliza tu, maana yeye kiangazi hiki anakwenda likizo ya ufukweni na familia yake, huko Iskandaria, Misri.

Jovitus, mnunuzi wa simu kutoka Bukoba, akamwuliza kwa upole kama bahari ya Unguja imekauka.

Hapo ndipo palipokuwa na utamu. Mkewe na watoto wanaishi kwenye mchanga ambao Wazungu wanapanda ndege kuja kuulalia, halafu mtu awatoe hapo awapeleke wakaote jua kwa Wamisri. Yeye alitueleza kwamba Misri ni nchi ya heshima, mke anaingia majini na nguo zake na hakuna wa kumkodolea macho. Sababu yenyewe tuliijua. Akirudi Unguja mwezi ule, mtaa mzima ungesema Pandu kafukuzwa China. Akienda Misri, anakuwa mtu wa likizo. Wachina wamemnyima viza, yeye kaigeuza kuwa fungate.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo hakulitania wala sisi hatukulitania. Pandu alikuwa na binti, Bimdogo, aliyemwacha anatambaa. Sasa anakwenda madrasa na keshang'oka meno ya mbele. Kila mwaka aliahidi kwenda kumwona, na kila mwaka kulikuwa na kontena. Badala yake alipiga simu, kila siku, bila kukosa. Kwa simu alimsomesha hesabu Mbarak, kaka yake Bimdogo. Kwa simu alichagua rangi ya mapazia. Kwa simu alimwimbia binti yake mpaka alale. Mtoto akampenda baba yake kwelikweli. Tatizo, kama Pandu alivyoniambia siku moja kwenye ngazi, ni kwamba mtoto aliamini Baba anakaa ndani ya simu. Alikuwa akiikaribisha chakula. Pandu alicheka aliponisimulia, halafu akaacha kucheka.

"Dada Albina," akaniuliza, "akiniona atanijua?"

Nikamwambia atamjua tu. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Basi akajiandaa kwa namna ya mawakala. Alikwenda Shisanhang kutafuta nguo za kuogelea za watu wanne, na laoban, yaani bosi wa duka, akamjibu *mei you*, hakuna, hapa hatuuzi moja moja, tunauza kwa dazeni na rangi ni moja. Pandu alibisha asubuhi nzima akatoka na dazeni yake: fulana na kaptula, kubwa kwa ndogo, zote rangi ya chungwa, zote na picha ya nanasi kifuani. Nilimwambia wataonekana kama timu ya mpira iliyokimbiwa na wachezaji. Akanijibu kwamba angalau hawatapotezana.

Ya huko Misri nimesimuliwa mara mbili. Masimulizi ya Pandu yana hoteli, samaki wa kuchoma na upepo mwanana. Ya Muzdalifa, mkewe, aliyenihadithia nilipopita Unguja mwaka uliofuata, yana mambo yenyewe.

Uwanja wa ndege wa Cairo, Pandu alifungua mikono. Mbarak akamkumbatia kwa haya za mvulana aliyeanza kuota ndevu. Bimdogo akajificha nyuma ya buibui la mama yake. Alipoambiwa aamkie, akaamkia vizuri sana: "Shikamoo, mjomba." Pandu akaitika marahaba, akabeba mabegi, wakapanda treni ya Iskandaria.

Ufukwe ulikuwa umejaa. Wamisri walikuja ukoo kwa ukoo, na sufuria zao na bibi zao na matikiti maji, miavuli imebanana hata mchanga hauonekani, na wanawake wamo majini na nguo zao kama Pandu alivyosema. Katikati yao ikakaa familia ya mananasi. Watoto wa watu walikuja kuwatazama wakidhani kuna maonyesho.

Siku ya kwanza Pandu alijaribu. Alimchimbia Bimdogo kisima mchangani. Mtoto akakitazama kwa adabu, kama mgeni aliyewekewa chakula asichokijua. Akamnunulia mahindi ya kuchoma. Akajibiwa ahsante, mjomba. Mtu mwingine angevumilia. Pandu alifanya anachofanya kila mara moyo ukimwuma, akatafuta biashara. Alikuwa akipita mchuuzi wa maboya ya watoto, yale yenye kichwa cha bata. Pandu akalishika moja, akaligeuza, akalinusa, akatambua limetoka soko gani. Akamwuliza mchuuzi ananunua kwa bei gani, akamwambia pole, umeibiwa, na kwa Kiarabu chake cha madrasa akaanza kumpangia mzigo. Baada ya hapo wachuuzi wa ufukwe mzima walimjua. Wanawe walikuwa wakimwona mgongo tu.

Muzdalifa alivumilia, kisha akamwita.

"Baba Mbarak, umekuja kupumzika au umekuja kuinunua bahari?"

Pandu akakaa chini. Akasema, huku ameyatazama maji, kwamba kule kwa wachuuzi angalau wanamjua yeye ni nani.

Alasiri ile ile Bimdogo akaomba simu. Tangu wafike Misri haikuwa imelia hata mara moja, na jambo hilo lilikuwa likimsumbua. Alitaka kuzungumza na Baba. Muzdalifa akamwonyesha: Baba ndiye huyo hapo. Mtoto akamtazama Pandu, akaitazama simu, akaanza kulia kile kilio cha chini kisicho na makelele. Muzdalifa aliniambia alitamani kumchapa na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Pandu akanyanyuka, akapotelea baina ya miavuli, na mkewe akajua keshawarudia wachuuzi wake.

Simu ikalia.

Bimdogo akaidaka. Uso ukamchanua, akaamkia, akaanza kumwaga habari zote alizokuwa amezilimbikiza: kwamba bahari ya huku ni baridi, kwamba Mbarak kameza maji, kwamba kuna bibi mmoja kaoga na viatu. Kisha akashusha sauti ya kuchongea.

"Baba, kuna mjomba hapa. Kila kitu anauliza bei. Si mbaya, lakini wewe njoo."

"N'nakuja," simu ikasema. "Niko karibu. Hebu n'ambie, huyo mjomba kavaa nini?"

"Kavaa kama sisi."

Muzdalifa akainua kichwa, akamwona mumewe akija baina ya watu, simu sikioni, nanasi kifuani, machozi yanamtiririka na hajifuti, akimwimbia mtoto wimbo wa kulala na jua linawaka. Wamisri walimpisha. Akafika nyuma ya binti yake akasimama, hakuacha kuimba. Sauti sasa zilikuwa mbili, ya simu na ya mtu, na ya mtu ilitangulia kidogo. Bimdogo akageuka. Akaiondoa simu sikioni, akasikiliza. Akairudisha, akasikiliza. Halafu akamwendea Pandu, akamfanya ainame, akaweka mkono kooni mwake, pale sauti inapotokea.

Siku zilizobaki hakushuka mgongoni mwa baba yake. Wachuuzi walimwita Pandu mpaka wakachoka.

Olimpiki ilipokwisha mambo yalilegea. Pandu, ambaye baada ya familia kurudi nyumbani alikuwa amejibanza Cairo kwa wanafunzi wa Kizanzibari, akapata viza mpya akarudi Guangzhou mweusi, kanenepa, na hoteli yake mdomoni. Siku aliyofika tulikwenda kumsalimia, mimi na Jovitus. Tukanywa chai, tukamsikiliza, tukamtania kidogo, na ulipofika wakati wake akapiga simu Unguja. Muzdalifa akapokea, akamwita Bimdogo aje azungumze na Baba.

Chumba kilikuwa kidogo, tulisikia kila neno.

"Sitaki hiyo," mtoto akasema kwa mbali. "Baba hayumo humo."

Mama akambembeleza. Mtoto akarudia vile vile, tena kwa subira, maana alikuwa anamweleza mtu mzima jambo ambalo yeye alikwishalihakikisha kwa mkono wake. Pandu akamwambia mkewe amwache. Akaikata simu, akakaa ameishika mapajani. Jovitus, ambaye hajawahi kuacha utani upite, akainuka akaenda kuosha vikombe.

Asubuhi yake Pandu alinigongea mlango. Aliniuliza kama ningeweza kuwachukua wateja wake, maana yeye anarudi Unguja.