Wale Saba na Gurudumu la Mkia

Cyril Dowse alikuwa fundi wa ndege za mabomu kule Lincolnshire, Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na vita vyote hivyo hakuruka hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuitengeneza ndege, kuwakabidhi vijana saba wa kuirusha, kisha kungoja. Na mafundi unavyowajua: ndege aliiita yangu, wale saba wanaazima tu.

Vijana hao walikuwa na desturi yao. Kabla ya kupanda hujipanga nyuma, wote saba, wakalikojolea gurudumu la mkia, ati bahati. Cyril ilimkera. Mkojo hula chuma, na mwenye kupangusa ni nani kama si yeye?

Jioni moja ya Machi alikuwa ametoka kufunga gurudumu jipya, vidole vimechubuka. Vijana walipokuja akasimama mbele ya gurudumu.

"Leo hapana! Nendeni majanini na ng'ombe wenzenu."

"Cyril, unatunyima bahati?" akauliza Denis Pask, mpiga bunduki wa mkiani, vifungo keshafungua.

"Bahati gani, mshenzi we! Panda, mmechelewa."

Wakapanda wanacheka. Alfajiri ndege za wenzao zikarudi. Cyril akakaa uwanjani mpaka adhuhuri, kikombe cha chai mkononi, hajakionja. Halikupatikana hata bati moja la ndege yake.

Akaoa, akafungua duka la baiskeli, akamzika mkewe; hata mkewe hakumwambia habari ya jioni ile. Aliamini ni yeye aliyewaua. Kila Novemba, kwenye ibada ya kuwakumbuka waliokufa vitani, majina saba yakisomwa kanisani, husimama mlangoni, na ibada ikiisha huwa wa kwanza kutoka.

Mwaka aliotimiza themanini na tatu miguu ilikataa kusimama, ikakataa na haraka. Ibada ilipoisha Enid, dada mdogo wa Denis, akamkuta bado kwenye benchi. Cyril akamweleza yote, macho sakafuni.

"Kwa hiyo kaka yangu alikwenda amebanwa?" Enid akacheka, na kicheko chenyewe kikageuka kilio. "Na baridi ya huko juu, masikini."

"Nisamehe, Enid. Niliwanyima."

"Mkojo hauzuii risasi, Cyril. Usiwe mjinga." Akajifuta uso. "Lakini alipanda anacheka? Una hakika?"

"Anacheka. Kuliko wote."

Enid akaketi kando yake.

"Mama alikufa akiuliza hilo tu, kama mwanawe alikwenda na hofu. Miaka thelathini aliuliza. Nawe ulikuwa hapa hapa, mtaa wa pili. Ungekuja kutuambia, Cyril."