Protekta ya Praivesi

Nilipoinunua kamera yangu ya kidijitali sikuivua ile nailoni nyembamba iliyotoka nayo kiwandani. Huku kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni. Rimoti ya televisheni hukaa ndani ya mfuko wake hadi namba zifutike, na makochi hulia chini ya wageni kwa sababu plastiki yake haijatolewa tangu yaletwe. Kwa hiyo nailoni ilibaki juu ya kioo cha nyuma cha kamera, nikaiita protekta, nikazunguka nayo kwenye arusi na mazishi kuanzia Voi hadi Kishushe. Kufikia mwaka ninaousimulia ilikuwa imejikunja pembeni, vumbi jekundu limeingia chini yake, na mtu aliyetazama picha yake hapo alijiona kama amesimama kwenye moshi wa kuni.

Moshi haukunisumbua. Walionisumbua ni watu. Mteja wa huku haamini kwamba amepigwa picha mpaka aione, na hapendi kuiona peke yake. Shangazi anakuja, mpwa anakuja, jirani aliyefuata pilau tu naye anakuja, wote wameniinamia begani, na mmoja wao, yule mwenye tabasamu kuliko wengine, anatoa simu yake polepole na kupiga picha ya picha yangu. Hapo kazi yangu imekwisha. Jioni utaikuta kwenye makundi yote ya ukoo, na mwenye arusi mkikutana sokoni atakusalimia vizuri sana bila kukuuliza picha ziko wapi. Nikajifunza kumshuku kila anayesimama karibu nami. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nimeumwa na mashangazi wengi.

Hata hivyo, aliyenifanya nitafute protekta ya kweli ni mama yangu.

Mama anaishi Ronge, huko milimani, peke yake tangu baba afariki. Mwaka huo daktari alimkuta na uvimbe tumboni, akasema lazima apasuliwe. Kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Mombasa, alinipigia simu siku hiyohiyo. Alizungumzia gari la kumteremsha mama, akazungumzia damu ya kumwongezea, halafu akashusha sauti kana kwamba mama yuko chumba cha pili.

"Na umpige picha nzuri," akasema. "Huwezi jua."

Nilimwelewa. Baba alipofariki hatukuwa na picha yake yoyote ya maana. Tulichukua ile ya kitambulisho, ikakuzwa, tukaiweka mbele ya programu ya mazishi na kwenye fremu juu ya jeneza, na kila aliyekuja kumuaga alikutana na mtu aliyekodoa macho kama amekamatwa na askari. Mama aliitazama mara moja tu. "Mmemweka kama mwizi," alisema, akaikunja programu yake, uso wa baba ukabaki ndani. Sasa mama naye hakuwa na picha nyingine ila ya kitambulisho, na yake ni mbaya kuliko ya baba. Niliapa kwamba watu hawatamuaga mama yangu kwa sura ile. Mimi binti yake ndiye mpiga picha wa familia, na aibu ingekuwa yangu.

Shida ni kwamba tangu mazishi ya baba, mama akiona kamera anainuka na kwenda jikoni. Alikuwa na hoja yake, na sikuweza kumlaumu: mtoto anayekuja ghafla kumpiga mzazi picha anajua jambo ambalo mzazi hajaambiwa. Nilipompigia simu kumwomba, alitoa sharti.

"Sawa," akasema. "Lakini nione hapo hapo. Nisipoipenda, unaifuta nikiangalia."

Mama alikuwa ametolewa mtoto wa jicho upande mmoja tu. Kwa moshi wa nailoni yangu asingeona chochote, na asipoona hangekubali. Ndipo nikaenda mjini.

Karibu na steji ya matatu ya Voi vibanda vya simu vimebanana, na kila muuzaji anakuita kastoma kabla hujamtupia jicho. Wa kwanza alicheka, akasema yeye ni wa simu, kamera hajui. Wa pili alisema hakuna shida, akanyoosha mkono aipeleke ndani ikapimwe.

"Ndani wapi?" nikamwuliza.

"Hapo tu nyuma ya pazia. Kuna fundi."

Nimesikia habari nyingi za simu zilizoingia nyuma ya pazia na betri zao na kutoka na betri za watu wengine. Nikamwambia fundi aje mbele, tumwone sote. Akasema fundi yuko bize. Nikaivaa kamera yangu shingoni nikaondoka.

Kibanda cha tatu kilikuwa cha mwanamke mmoja aliyekuwa na mashine ya kukata protekta kwa kipimo, nayo ilikuwa juu ya meza, hadharani. Hilo lilinipendeza. Nikasimama na tumbo langu likigusa meza ili pasiwe na nafasi ya mtu kupita kati yangu na kamera.

"Ziko aina tatu," akasema, akizitandaza. "Hii ni ya wazi, unaona kila kitu. Hii ni mati, haishiki alama za vidole. Na hii ni praivesi."

"Praivesi inafanya nini?"

Akaiweka juu ya simu yake. Kwa mbele niliwaona watoto wake wawili wamevaa sare za shule. Akaigeuza simu kidogo tu upande, na watoto wakatoweka, kukabaki giza tupu.

"Aliye mbele anaona, wa pembeni haoni," akasema. "Wanawake walioolewa wananunua hii sana."

"Na wanaume?"

"Wanaume wananunua zaidi."

Nikaishika ile ya wazi kwanza, kwa kuwa ndiyo niliyofuata. Nikaikwaruza kwa ufunguo wa nyumba kuona kama ni imara. Ikaandika mstari.

"Sasa hiyo umenunua, mama," akaniambia, na hakuwa akitania.

Niliuliza kama praivesi inapunguza mwangaza. Akasema kidogo tu. Kidogo tu ya muuzaji naijua, lakini wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuona mbali: naona arusi ijayo, naona shangazi ananiinamia begani na simu yake mkononi, naona anakutana na giza. Roho yangu ilitulia kwa namna ambayo haijatulia tangu nianze kazi. Mwanamke alipima kioo kwa rula. Nikapima tena kwa rula yangu. Nikaivua nailoni ya kiwandani mwenyewe, sikumwachia, na kioo kilichokuwa chini yake kikawa safi hivi kwamba mwanamume aliyekuwa akinunua chaja aliniuliza kama kamera inauzwa. Nikaivuta karibu na kifua.

Protekta ilipokwisha kubandikwa nilimsimamisha mwanamume huyohuyo pembeni yangu. "Unaona kitu?" nikamwuliza. Akasema haoni. Nikalipa ya praivesi na ile niliyoikwaruza, nikaenda zangu nimeridhika kabisa. Nilikwenda mjini kwa ajili ya macho ya mama, nikarudi na dawa ya mashangazi, na sikulitambua hilo.

Jumamosi asubuhi nilipanda Ronge. Mama alikuwa nje ya jikoni, ameketi kwenye kigoda, anatoa maharagwe mabichi kwenye maganda, leso ya jikoni kichwani. Tukasalimiana. Akauliza habari za watoto, macho yake yakiwa kwenye mfuko wa kamera.

"Ni hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Piga basi."

Nilipiga moja tu. Alikuwa ameinua uso, ganda la haragwe katikati ya vidole, jicho moja limefinywa kwa sababu ya jua, na mdomo uko tayari kunisema. Mpiga picha hujua. Nilijua ile ndiyo, kabla hata sijashusha mikono.

"Nione."

Nikachuchumaa kando yake nikamwonyesha. Aliinama, akasogea, akainama tena.

"Mbona ni giza?"

"Si giza, mama. Ni wewe."

"Hapo hakuna mtu."

Nikaisogeza kamera mbele yake. Akajiona, nikamwona akijiona, uso wake ukalegea kidogo. Lakini mimi nami nilitaka kuiona, nikaivuta upande wangu bila kufikiri.

"Nimetokea," akasema, "halafu nimepotea."

Sauti yake haikuwa ya mtu anayezungumzia kamera. Nikaanza kumweleza haraka haraka kwamba ni protekta, imetengenezwa hivyo, aliye mbele anaona na wa pembeni haoni.

"Kwa nini?"

"Watu wasichungulie."

Mama aliuzungushia macho uwanja wote: kuku watatu, migomba, kamba ya nguo. "Tuko wawili hapa," akasema. "Unanificha nini?"

Nilimkasirikia yule mwanamke wa kibandani, ambaye hakuwa na kosa lolote. Nikachomeka ukucha kwenye pembe ya protekta, nikavuta. Ilitoka ikinyumbuka na gundi yake, nikaikunja nikaitupa kwenye rundo la maganda. Mama akafuta mikono, akaichukua kamera mwenyewe, na safari hii tulitazama pamoja, leso yake ikinigusa shavu, ikinuka moshi.

Alijitazama muda mrefu. Akaweka kidole juu ya kioo, penye shavu lake, alama ikabaki.

"Hii ni ya nini?" akauliza.

Jibu nilikuwa nimeliandaa tangu Voi. Nikafungua mdomo.

"Na usiniambie ni ya kuweka sebuleni kwako," akasema. "Kaka yako alisema ni ya sebuleni kwake. Halafu akaniuliza kitambaa changu cheupe cha kanisa kiko wapi. Ni sebule gani inayotaka kitambaa changu?"

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilijisifu kwamba hakuna anayeweza kunipita kwa kushuku, kumbe aliyenizaa alikuwa ameketi hapo na maharagwe yake akitusubiri.

"Ni ya wakati huo, mama," nikasema. "Kama hutatoka hospitali."

Niliogopa. Maneno yalikuwa yameshatoka na nilitamani kuyarudisha. Mama alichukua ganda lingine, akalipasua kwa kidole gumba, akamimina maharagwe kwenye ungo. Akachukua lingine.

"Mnaninyemelea kama wezi wa kuku," akasema. "Mngeuliza tu." Kisha akauweka ungo chini, akashika ukuta, akainuka. "Ngoja nivae. Siwezi kukaa mbele ya watu na leso ya jikoni."

Alipoingia ndani nililia. Nililia nikiwa nimeshika kamera, na machozi yakadondoka juu ya kioo nikayafuta kwa mkono wa shati.

Alitoka amevaa gauni lake la bluu na kitambaa cheupe, amejipaka mafuta usoni. Akaketi mbele ya ukuta ambako jua lilikuwa laini, akaniambia nisimharakishe. Nilipiga nyingi. Kila moja aliikagua akiwa ameishika kamera kwa mikono yote miwili. Hii kidevu, futa. Hii kitambaa kimepinda, futa. Hii amecheka, watu watasema alifurahi kuwaacha, futa. Nilifuta moja moja akiangalia, kama tulivyokubaliana, hadi ikabaki moja ambayo haikumpa la kusema.

"Hiyo," akasema. "Lakini usimpe kaka yako. Huyo ataiweka kwenye kundi la ukoo pamoja na mshumaa wa msiba kabla hata sijadungwa sindano."

"Sitampa."

"Si sasa. Ukishaniona mwenyewe, kwa macho yako, kwamba nimekwenda, ndipo umpe."

Nilirudi kwenye ile ya kwanza, ya maharagwe na jicho lililofinywa, kidole kikiwa karibu na kitufe cha kufuta. Nikamwangalia.

"Hiyo iache," akasema. "Hiyo si ya watu. Kaa nayo wewe."

Alilazwa wiki iliyofuata. Kaka alikuja kutoka Mombasa, tukaketi kwenye benchi la korido, na kabla hajauliza kama mama amekula aliniuliza kama nilipiga.

"Nilipiga."

"Nitumie basi, nikae nayo."

"Bado."

Alinitazama kama mtu anayefikiri nimeficha hati ya shamba. Sikujali. Kamera ilikuwa mapajani mwangu, kioo kitupu bila protekta, na kila mlango wa chumba cha upasuaji ulipofunguliwa niliifunika kwa viganja vyote viwili bila kujua kwa nini. Kaka aliacha kuniomba picha. Akaegemea ukuta, akafumba macho, na nikaona midomo yake ikienda bila sauti. Nikamsogelea, bega likamgusa bega.

Mama alizinduka alasiri. Midomo ilikuwa imemkauka, na muuguzi alituambia tumwongeleshe taratibu. Nilimwinamia. Alinitambua.

"Umempa?" akauliza.

"Sijampa, mama."

Akanikazia lile jicho lake zima. Kisha akageuza kichwa kwenye mto, kwa shida, akamtazama kaka yangu aliyesimama upande wa pili wa kitanda akilia waziwazi.

"Ni kweli hajakupa?"

"Hajanipa, mama," kaka akasema.

Ndipo akaomba maji.