Doa la Inspekta

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tulimwita Povu, maana mikono yake haikutoka kwenye sabuni. Alifua hotelini miaka kumi na mmoja, kisha wakaja kisiwani watu wa televisheni kupiga picha za mchezo wa polisi. Wakamwajiri yeye kufua na mimi kupiga pasi. Mchezo ule uliendelea miaka tisa. Watu humkumbuka Inspekta, alivyokimbiza wezi ufukweni na viatu vya ngozi. Mimi namkumbuka Povu.

Kwake yeye nguo yenye doa ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Nikikunja shati vibaya, husema, "Nani alikuoa wewe? Ah, kaka yangu. Maskini, hakuuliza."

"Aliuliza, wifi. Wakamwambia nyumba ina mfuaji, inakosa mpishi."

Mwezi wa pili, Inspekta alipigwa risasi ya bandia begani. Damu yenyewe ilikuwa sharubati nzito iliyotiwa rangi. Jioni ile shati lake jeupe likatundikwa chumba cha mavazi, maana kesho yake angepigwa picha akiingia kituoni, bado anavuja damu. Sisi hatukuambiwa. Povu aliliona, akaguna, akalichukua. Maji baridi kwanza, kisha sabuni ya mche, kisha ndimu. Asubuhi shati linameremeta kama jino la mtoto.

Mwongozaji alikuwa bwana mpole. Akikasirika hupunguza sauti. Alilishika shati kwa vidole viwili.

"Doa liko wapi, mama?"

"Limetoka," Povu akajibu, kidevu juu.

"Lote?"

"Mimi sifui nusu."

Vijana wa kamera wakaangua kicheko. Mwongozaji hakucheka. Akatueleza kwamba kwenye televisheni Inspekta anatoka ufukweni na kufungua mlango wa kituo dakika ile ile. Akiingia msafi, watazamaji watatucheka. Na kanda ya jana imeshapanda ndege kwenda kusafishwa picha ng'ambo, hairudi kabla ya wiki tatu, kwa hiyo hatuna pa kuliangalia doa. Hata aliyeimwaga damu ile alikuna kichwa: ilifika mfukoni, au haikufika?

"Doa likitofautiana, mama," mwongozaji akasema taratibu, "itabidi nitafute mfuaji mwingine."

Povu alikuwa na watoto wanne, na mumewe mgonjwa wa mgongo, mwaka wa pili kitandani. Kazi ile ndiyo iliyowalisha. Povu akaomba chupa ya damu na kijiko.

"Utakumbuka vipi?" nikamnong'oneza.

"Nimelisugua nusu saa nzima. Nalijua kuliko uso wa shemeji yako."

Akamvalisha Inspekta shati, akamwambia, "Simama wima, baba, hujafa." Akamimina begani, akalivuta doa kwa kidole mpaka kifungo cha pili. Chini ya kola akaacha peupe, ukubwa wa sarafu. Kwenye mkono akadondosha matone matatu, la mwisho likachirizika kando. "Hapa ndipo paliponitoa jasho," akasema, akarudi nyuma kutazama.

Wiki tatu wifi yangu alikula kama ndege. Kanda iliporudi, mwongozaji alituita, akazionyesha zile sehemu mbili zikifuatana, mara tatu. Akawasha taa.

"Mama, kuanzia leo nguo ya kuachwa chafu nitaibandika karatasi. Isiyo na karatasi ni yako."

Povu akabaki na kazi yake miaka yote tisa.

Siku sehemu ile ilipoonyeshwa, sebule ya jirani yetu ilifurika. Wote macho kwa mwizi. Povu macho kwenye bega. Inspekta alipoingia kituoni, wifi akavuta mtandio usoni.

"Vipi tena?" nikamuuliza. "Si limefanana?"

"Limefanana sana. Ila mtaa mzima unajua ni mimi ninayemfulia."