Filimu Tano za Harusi ya Bujumbura

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumatatu, Bwana Salum aliingia katika kibanda changu cha kutengeneza saa pale Kigoma, akaweka nusu ya malipo juu ya meza. Alikuwa anaoa Bujumbura Jumamosi ile, naye alitaka mpiga picha wa upande wake. Wapiga picha wazoefu walikuwa wamekataa, kwa kuwa Burundi ilikuwa vitani. Mimi nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita na nilikuwa nimepiga harusi tatu tu, zote za majirani. Nilikubali.

Ufundi wa picha nilijifunza katika vitabu viwili vya mtumba. Kimoja kilifundisha mwanga na umbali. Kingine kilihusu fedha za biashara ndogo, na sentensi niliyoipigia mstari ilisema kwamba faida ya mpiga picha haimo katika siku ya harusi, imo katika negativu, yaani filimu iliyokwisha kusafishwa, kwa maana wateja hurudi miaka mingi kuagiza nakala. Niliamini vitabu vyote viwili sawasawa.

Alhamisi alasiri tulipanda meli ya mizigo, mimi na mke wangu Mwanaidi. Barabara haikuaminika, magari yalikuwa yakishambuliwa. Mwanaidi hakuja kutembea. Katika harusi ya Kiislamu mwanamume haingii chumba cha wanawake, hivyo nilikuwa nimemfundisha kamera. Hesabu za flashi zilimchosha, nikamfungia kamera uzi wa kupimia umbali, wenye mafundo matatu: kila fundo lilikuwa na namba yake ya kufungua lenzi. Nilimfundisha pia asiizungushe filimu yote hadi ndani ya mkebe wake, aache mkia mfupi nje, ili iwe rahisi kuitoa wakati wa kuisafisha. Hilo lilikuwa katika kitabu.

Ijumaa asubuhi tulifika bandari ya Bujumbura, penye maghala na viwanda. Askari alifungua begi langu.

"Hii ni ya kazi gani?"

"Ya harusi."

"Bon. Piga harusi. Bandari apana."

Tulipokelewa na kaka wa bibi harusi, fundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi. Alitupeleka nyumbani kwao kwa miguu, akitueleza ratiba. Mimi nilitazamia shughuli ya usiku kama kwetu. Alicheka. "Usiku? Kuna kuvrefe, kaka. Saa ya kutembea ikiisha, hata bwana harusi analala kwa jirani." Nikah ingefungwa asubuhi, wanawake wangekusanyika adhuhuri, na kabla ya magharibi kila mgeni awe kwake. Alfajiri ya Jumapili meli ingemchukua bibi harusi, Aziza, kwenda Kigoma. Mama yake angebaki. Hakuna aliyesema wangeonana lini tena.

Jumamosi nikah ilikwenda vizuri. Kati ya filimu tano nilizokuja nazo, mbili nilizitumia kwa wanaume. Ya tano niliiweka kwa ajili ya wafanyabiashara wa mtaa, ambao walitaka kupigwa mmoja mmoja na bwana harusi baada ya swala ya alasiri, na walikwisha kunilipa. Mbili alikuwa nazo Mwanaidi.

Adhuhuri nilikaa barazani, nje ya pazia la chumba cha wanawake. Milimani kulisikika milio ya bunduki, mbali. Maduka ya mtaa yakafungwa mapema. Ndani, ngoma haikusimama. Nilimsikia Mwanaidi akimwomba mama mmoja ashike ncha ya uzi karibu na pua.

"We mama, unatupima sanda?"

"Astaghafirullah! Siku ya harusi!"

"Mupime Rukia, mufupi, sanda yake ni bei rahisi!"

Wakacheka wote.

Rukia alikuwa shangazi wa Aziza, ndiye msimamizi wa chumba kile. Saa tisa hivi alikuja nyuma ya pazia.

"Fundi. Hizi filime zitaoshwa na nani?"

"Na mwenye studio, Kigoma."

"Mwanaume?"

"Mwanamume."

Ngoma ilinyamaza. "Mutoto wetu yuko kichwa wazi humu," alisema. "Mwanaume ataona?" Bwana Salum, aliyekuwa kando yangu, aliniminya mkono. "Sema ni mwanamke," alininong'oneza. Nilitikisa kichwa. Shangazi akasema basi atazitazama yeye mwenyewe kwanza, aone kama kuna foto ya aibu. Nikasikia Mwanaidi akipiga kelele: "Shangazi, usivute!"

Alikwisha kuvuta. Mkia ulikuwa nje, ukimwalika.

"Mbona apana kitu? Iko rangi ya chai tu. Mulikuwa munatuchezea?"

Mwanaidi aliwaeleza kwamba filimu ikiona mwanga kabla ya kusafishwa, picha zinakufa. Ile aliyoivuta shangazi ndiyo ilikuwa na Aziza na mama yake. Kisha sauti nyingine ikaja karibu na pazia, ya chini. Alikuwa mama yake Aziza.

"Fundi, mutoto anaenda kesho. Ukiapa mwanaume haone, munipige naye tena."

Nilimjibu kwamba siwezi kuapa kwa mashine ya mtu mwingine. Nilichokijua ni kwamba binti wa mwenye studio anaiendesha mashine ile. Ningeikodi, na baba angetoka nje.

"Na ile filime yenyewe, ukimaliza kuosha?"

Nilifahamu alichouliza. Alikuwa akiulizia negativu, faida yangu.

"Zitarudi kwako," nilisema.

"Rukia, muvalishe mutoto tena," mama alisema. "Na wewe unyamaze."

Nilipitisha filimu ya tano chini ya pazia. Mwanaidi alitaja fundo, nami nikamtajia namba, kwa sababu namba zilikuwa zimemtoka kichwani. "Fundo la pili." "Nane." "La kwanza." "Kumi na moja." Nje, wafanyabiashara walikuwa wamejipanga mstari katika kanzu zao. Niliwarudishia fedha mmoja mmoja. Mmoja aliniuliza kama ninaogopa milio.

Jumapili alfajiri mama aliagana na Aziza mlangoni. Bandarini hakuja.

Kigoma, Ijumaa iliyofuata, wanaume walipokwenda msikitini, Mwanaidi na binti wa studio walifunga mlango wakasafisha filimu mbili zilizosalia za wanawake. Mimi picha zile sikuziona. Mwanaidi aliniambia kwamba katika mojawapo Aziza anacheka na mama amefumba macho. Zilirudi Bujumbura pamoja na negativu katika bahasha iliyoshonwa kwa uzi, mikononi mwa shemeji yake Salum, mwanamke.

Nilijifunza kuuliza kwanza nani atasafisha na nani atabaki na negativu, ndipo nitaje bei. Mkia wa filimu sasa huingia wote ndani. Kitabu cha fedha bado ninacho, na mstari wangu sijaufuta.

Malipo ya Bwana Salum yalikuwa shilingi elfu tisini. Matumizi, pamoja na kukodi studio, yalikuwa elfu tisini na saba na mia nne. Hasara ni shilingi elfu saba na mia nne.